Aliyeiba Miguu ya Dada

Jumapili, 11 Januari

Mwalimu ametuagiza tuandike kila jioni tulichojifunza karakanani, na hayo nimemwandikia kwenye daftari lake, na vipimo vyake vyote. Humu, kwenye daftari langu mwenyewe, ni mahali pangu pa kuongea. Nikinyamaza sana huumwa kichwa, na mwenzangu wa chumbani si mtu wa maneno.

Basi wiki hii nimefika salama, namshukuru Mungu. Mimi ni mama mtu mzima, fundi viatu wa karakana ya hospitali, na shule niliishia darasa la saba, si wa kwanza wala wa mwisho. Nimeletwa nchi ya watu kwa muhula mmoja kujifunza kutengeneza viatu vya miguu iliyokufa ganzi. Nilipochaguliwa, wapo waliosema kumpeleka shule mtu wa umri huu ni kuharibu kiti cha ndege. Nimewasamehe, ila sura zao ninazo.

Nimekuja kwa ajili ya Dada. Ndiye mkubwa wetu, ndiye aliyenilea mama alipofariki, na ana kisukari. Miguu yake haisikii kitu. Mwaka jana alishinda na msumari ndani ya ndala kuanzia asubuhi, akaja kuuona jioni alipofuata michirizi ya damu sakafuni akidhani ni kuku. Kidonda kilitusumbua mno kupona, na daktari hakuzunguka: kikirudi, mguu unakatwa. Kiatu cha kumlinda hakiuzwi dukani. Kinatengenezwa kwa umbo la mguu wake mwenyewe, kwa sponji ya tabaka tatu na mashine ambazo kwetu hatuna. Kwa hiyo kabla ya safari nilimfunga miguu kwa bendeji za plasta, zilipokauka nikazivua kama soksi ngumu, nikamimina plasta ndani, nikapata kalibu mbili, mguu wa kulia na wa kushoto, nyeupe kama chumvi. Nimesafiri na miguu ya Dada. Mkaguzi wa uwanja wa ndege alipofungua begi aliruka nyuma.

Viatu hivyo ndivyo kazi yangu ya mwisho wa muhula. Nisipovitengeneza huku, nyumbani sitaviweza.

Jumatano, 14 Januari

Baridi. Nimevaa kila nilichokuja nacho, hadi nguo ya kulalia juu ya sweta.

Jumatatu, 19 Januari

Mwalimu wetu tumempa jina la Bwana Milimita. Leo kaipima soli niliyokata, akasema imezidi milimita mbili. Nikamwambia kwetu milimita mbili tunampa mteja zawadi. Darasa likacheka, yeye hakucheka. Akasema mguu wangu na wake ukibanwa unapiga kelele, lakini mguu uliokufa ganzi unanyamaza mpaka uoze. Maneno hayo nimerudi nayo chumbani na sijayatua hadi sasa.

Mwenzangu wa chumbani ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza, naye mgeni huku, anasomea umeme wa majumbani. Nikimsalimia huitika kwa kichwa. Nimembandika jina la Kimya. Nadhani ananiona mshamba. Kalibu nimezipanga juu ya kabati, vidole vikitazama chumba, naye hulala amezipa mgongo.

Jumamosi, 24 Januari

Mvua nyembamba, haianzi wala haikomi. Nimempigia Dada. Kaniuliza kama watu wa huku wanakula vya moto. Nikamuuliza habari za miguu, akasema, miguu ipo, wewe soma.

Alhamisi, 29 Januari

Nimeibiwa.

Bwana Milimita alitaka leo tulete kalibu za kazi ya mwisho tuanze kuzisawazisha. Nikazifunga za Dada kwenye taulo, nikazitia begini pamoja na kisu cha marehemu baba cha kukatia ngozi na miwani yangu ya kusomea. Begi likawa zito kama mtoto aliyelala. Pale kituo cha treni kuna ngazi ndefu zinazotoka chini ya barabara. Nilifika katikati nikasimama nivute pumzi, mkono kiunoni, watu wakinipita huku na huku.

Akaja kijana. Koti la kijani, nywele zimechanwa, uso wa mtoto wa watu. Hakusema neno, akanyoosha mkono kwenye begi. Na mimi, niseme nini, nikampa. Kwetu mtu mzima akionekana na mzigo, aliye mdogo humpokea. Haombwi, wala hasubiri kuambiwa, na ukiung'ang'ania mzigo wako unamvunjia heshima. Nikaiachia kamba mkononi mwake nikasema asante mwanangu, Mungu akuzidishie. Nikamfuata nyuma mikono mitupu, nimefurahi, najisemea kumbe vijana wa huku wanasingiziwa tu. Nilifurahi hadi juu ya ngazi, jamani. Alipofika juu akageuka akanitazama. Nikatabasamu. Ndipo alipotimua mbio.

Sikupiga hata kelele. Hilo ndilo linaloniuma. Nilidhani anawahi treni, nami nikaongeza mwendo nisije nikamchelewesha.

Pesa hazikuwemo, wala hati ya kusafiria. Hivyo nimevishona kwenye nguo ya ndani kama Dada alivyonielekeza. Alichoondoka nacho ni miguu ya Dada.

Nikaenda polisi. Askari wa zamu kijana, mpole, ana mafua. Akaniuliza kama yule mtu alinitishia, nikasema hapana. Kama alinisukuma, hapana. Kama alininyang'anya. Hapo nikafikiri, maana sipendi kumsingizia mtu, hata akiwa mwizi. Nikasema nilimpa.

Akaweka kalamu chini. "Mama, ulimpa mwenyewe?"

"Nilimpa anisaidie."

"Mnafahamiana?"

"Hatufahamiani."

"Sasa mtu humfahamu unampaje begi?"

"Kwani kusaidiwa mzigo mpaka mjuane?"

Akapenga kamasi, akanitazama kama anayetafuta pa kuanzia. Mwishowe akauliza ndani ya begi mlikuwa na nini. Nikasema, miguu miwili ya dada yangu.

Ilibidi aitwe mkubwa wake, nami nikaanza kueleza upya tangu kwenye plasta.

Ijumaa, 30 Januari

Sikwenda darasani. Nimepiga magoti nisali, sala haikwenda. Nikifumba macho naliona lile koti la kijani, na dua niliyomwombea inanirudia masikioni. Akuzidishie. Akuzidishie nini?

Jioni Kimya kaingia, kanikuta nimekaa gizani, kawasha taa. Kaangalia juu ya kabati. Kwa mara ya kwanza tangu tukutane kafungua kinywa mwenyewe, kaniuliza, Mama, ile miguu iko wapi? Nikamsimulia yote, na ngazi na tabasamu langu. Basi akacheka. Alicheka hadi akakaa sakafuni, na mimi nilitaka kumtia kofi, Mungu shahidi. Akasema, "Mama, mfikirie amefika kwao. Amefunga mlango. Amekaa kitandani. Anafungua begi." Nikamwona yule kijana anafunua taulo polepole, vidole vya Dada vinachomoza. Nikacheka nami, huku machozi yananitoka, sikujua ni ya lipi.

Aliponyamaza akasema mtu wa hivyo lazima ametupa vitu karibu na pale pale. Akasema kesho tutaenda kutafuta. Kasema tutaenda, mimi na yeye.

Jumamosi, 31 Januari

Tumepekua mapipa ya taka barabara nzima, Kimya kavaa glavu zake za umeme, watu wanatupisha njia. Mfagiaji wa mtaa, mama mwenye umri kama wangu, akatuuliza tumepoteza nini. Nilipomweleza akashika mdomo. Akatupeleka nyuma ya kituo, kwenye mfereji, akasema jana aliona vitu vyeupe akadhani ni vyungu vya maua. Taulo lilikuwa limelowa. Kisigino cha kulia kilikuwepo, na vipande vingine. Mvua imevila, nikivishika vinabaki unga mkononi. Kisu na miwani hatukuviona.

Mfagiaji akanipa pole nyingi. Kisha akanionyesha kiatu chake kinavyomuumiza kidoleni, nikamwambia akilete darasani nitakitanua. Riziki haiko mbali, ingekuwa siku nyingine ningefurahi.

Jumatatu, 2 Februari

Bwana Milimita ametoa kabatini kalibu za darasani, za mwanamke asiyejulikana, safi, zimenyooka. Kasema nitumie hizo, mtihani hauangalii ni miguu ya nani, na kwa mkono wangu nitafaulu vizuri tu.

Nikamwambia, "Nitafaulu, halafu Dada avae nini?"

Akasema yeye ameajiriwa kufundisha, na darasa haliwezi kumngoja mtu mmoja. Nikasema sijaomba lingoje, nimeomba niambiwe mwisho wa kungoja. Akahesabu kwenye kalenda ya ukutani, akaweka kidole katikati ya Machi. Baada ya hapo mashine zinaingia darasa jingine. Nimekubali kabla hajakiondoa kidole.

Usiku huu nimeongea na Baba Watoto. Swali lake la kwanza lilikuwa kama nimepigwa. La pili, kama nimekula. Ndiyo maana niliolewa naye. Nimemwomba aende kwa Dada na bendeji za plasta, amfunge miguu yote miwili kama nilivyofanya mimi, akizivua anitumie yale maganda kwa kampuni ya vifurushi, nami nitamimina huku. Yeye ni muashi, plasta anaifahamu kuliko jina lake. Nikamwonya kwamba shemeji yake si ukuta. Akasema anajua, ukuta haubishani.

Dada asiambiwe nimeibiwa. Atashindwa kulala, na sukari itapanda. Tumepatana aambiwe kalibu zilipasuka safarini. Ni uongo, nimeuweka mbele ya Mungu kama ulivyo.

Jumapili, 8 Februari

Bado. Baba Watoto anasema bendeji zimeisha hospitalini.

Jumatano, 11 Februari

Bado. Anasema Dada ana wageni.

Jumamosi, 14 Februari

Bado, eti mvua. Mvua na mguu wapi na wapi? Mtu aliyepiga plasta nyumba nusu ya mtaa wetu anashindwa na miguu miwili ya kike. Nimemwambia kama hataki aseme. Akasema, "Mke wangu, nipe siku chache." Nikamkatia simu. Tangu tuoane sijawahi.

Jumatatu, 16 Februari

Leo nimefanya aibu. Mlangoni mwa chuo kijana kanishikia mlango, akanyoosha mkono nimpe boksi la ngozi nililobeba. Nilipiga ukelele wa kuita mji. Boksi likaanguka, yeye akarudi nyuma mikono juu. Kumbe ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, na huwa anatufungulia karakana asubuhi. Nimemwomba radhi mbele ya watu. Kasema haina shida, ila nimeona kesho hatamshikia mtu mlango, na hilo nalo nimeliandika kwenye deni la mwenye koti la kijani.

Kimya kanieleza kwa nini hakuwa akisema na mtu. Wiki yake ya kwanza huku aliibiwa kompyuta na msichana aliyekuwa akila naye meza moja. Akaamua kufunga mdomo, asizoeane na yeyote. Nami nilimwandika humu kwamba ananiona mshamba. Nikamuuliza, kwani hukuniona mshamba? Akasema, nilikuona Mama, lakini si kwa ubaya.

Alhamisi, 19 Februari

Imefanyika! Baba Watoto amemfunga Dada miguu. Nilimhoji kama polisi. Nyayo zilikaa sawa? Zilikaa sawa. Mguu ulisimama wima, haukulala kama wa mtu aliye kitandani? Akasema ulisimama wima, alimwekea Dada pima maji kwenye goti. Namjua, ameweka kweli, na Dada kakaa na kile chombo gotini kama dirisha linalotiwa fremu. Nikamwomba picha, akasema simu yake haitoi picha nzuri. Kisha akasema ukifungua kifurushi, kaa chini kwanza. Nikamuuliza kwa nini, akasema kizito.

Maganda ya bendeji hayana uzito.

Jumatano, 25 Februari

Kifurushi bado. Wenzangu wameanza kukata ngozi za juu. Mimi nakata karatasi, narudia, nakata tena, mkono usisahau.

Jumapili, 1 Machi

Theluji imekuwa matope. Kifurushi bado.

Jumatano, 4 Machi

Kimefika! Yamefika mazima, yamefungwa kwa magazeti na fulana ya Baba Watoto yenye harufu ya saruji. Nimeinusa kwanza. Ndani ya maganda ni giza, huoni kitu. Nimemimina plasta chumbani kwa kuwa karakana imefungwa. Tatizo ni baridi, plasta haikauki, na kipasha joto chetu ni kibovu tangu tuje. Mwenye nyumba kila tukimwambia anasema atamwita fundi. Kimya kasema fundi ni nani kama si yeye. Kakifungua chote sakafuni, kakirudisha, kikaanza kunguruma. Tumelaza maganda mbele yake kama wagonjwa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimevunja maganda alasiri hii. Nilianza na wa kulia. Umetoka mzuri, hadi mikunjo ya kisigino inaonekana, nikasema moyoni kwamba Baba Watoto akiacha kujenga nitamwajiri. Nikaja wa kushoto. Nikabandua kisigino, nikabandua juu ya unyayo, nikafika mbele. Kidole kikubwa, cha pili, cha tatu, cha nne.

Kidole kidogo hakipo.

Nilimkasirikia mume wangu. Nikasema haya ndiyo mambo ya kuta, kakandamiza kakipondaponda. Au hewa ilinasa nilipomimina. Nikachukua brashi nikasafisha pale mahali, halafu nikapitisha kidole changu. Pana mstari. Mstari umenyooka, na pembeni yake vitone viwiliviwili, upande huu na upande huu, vya mahali ulipopita uzi. Plasta haisahau kitu, inachukua hata unywele. Mimi nashona ngozi kila siku. Mshono naujua.

Nikakaa chini. Kumbe ndiyo maana aliniambia.

Nikapiga simu kwa Dada mwenyewe. Alipoitika sikusalimia.

"Dada, kidole chako kiko wapi?"

Nikasikia kuku wake.

"Kwani shemeji kakwambia?"

"Hakuniambia. Nimekiona hakipo."

Akapumua. Akasema kilianza kuwa cheusi wiki ile ile niliyosafiri, wakakikata kabla hakijaambukiza vingine. Akasema daktari kamwambia kinachofuata si kidole. Yule mume wangu aliapishwa asiseme, na zile siku zote za mvua na wageni alikuwa anangoja kidonda kifunge ndipo amfunge bendeji.

"Nilipokuuliza ukaniambia miguu ipo."

"Ipo. Nilisema ipo, sikusema imetimia."

"Dada, mimi si mtoto."

"Ungepanda ndege kesho yake, uje ukae hapa unitazame. Unitazame kwa faida gani? Nilitaka viatu."

Nikalia, naye akaniacha nilie, kama zamani, hanibembelezi hadi nimalize. Kisha nikamwambia na langu, kwamba kalibu hazikupasuka, kwamba nimeibiwa, kwamba nilimpa mwizi begi kwa mkono wangu nikamwombea na dua. Akasikiliza.

"Kwa hiyo wewe umenificha begi."

"Begi si kidole, Dada."

"Si kidole. Lako limechukuliwa na mwizi mkimbiaji. Changu kimechukuliwa na daktari mwenye adabu zake, kanipa na pole." Akacheka peke yake, kisha sauti ikashuka. "Mdogo wangu, niogope nisiogope, mguu huu naupenda. Nitengenezee."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani Dada kuniomba kitu.

Ijumaa, 6 Machi

Nimempelekea Bwana Milimita kalibu. Kaigeuza ya kushoto, kagusa mshono kwa kidole gumba, kaniangalia. Kachukua kipande cha karatasi akachora mguu wa zamani wenye vidole vyote, juu yake akachora huu. Akaonyesha kwamba kiatu cha kalibu za kwanza kingeacha nafasi pale palipokuwa kidole, mguu ungekuwa unateleza kuingia mle, mshono unasuguliwa kila hatua, na mwenye mguu hasikii.

"Kwa hiyo kuibiwa kwako," akaanza.

"Mwalimu, usimalizie," nikamwambia. "Dada angenieleza ukweli mapema, kalibu mpya ningezipata bila kuibiwa. Mwizi hayumo katika shukrani zangu."

Nikadhani kanikasirikia. Akasema sponji ya upande ule iwe laini zaidi, na kwamba yeye huondoka chuoni akichelewa siku hizi, sitakuta karakana imefungwa. Yule wa mwaka wa pili kasema hajawahi kumwona akichelewa.

Jumanne, 10 Machi

Sponji. Kukata, kusaga, kupima, kusaga.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeharibu soli ya kushoto. Nimeanza upya.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeanza upya tena. Tundu ninalochimba kwenye sponji kupisha mshono wa kidole ni lazima liwe na kina cha kutosha mshono usiguse kitu, lakini lisizidi, ukingo wake usije ukawa kisu. Mfagiaji alikuja kuchukua kiatu chake nilichomtanulia, kanikuta nazungumza na soli. Akasema yeye huzungumza na ufagio, na ufagio humjibu.

Leo nikisali nimemfikiria yule kijana bila hasira nyingi. Nimemwombea apate kazi ya kubeba mizigo ya watu kwa uaminifu, maana mkono wa kupokea anao. Sijui kama dua ya namna hiyo inakubaliwa. Nilitaka kumwombea zaidi, nikaona hapo ndipo nilipofika.

Jumatano, 18 Machi

Mashine zimeingia darasa jingine. Mimi nilimaliza kusaga jana jua likizama. Iliyobaki ni kazi ya mkono, na mkono haupangiwi zamu. Nimeshona ngozi za juu kitandani, Kimya akinivutia uzi, tukisikiliza redio. Sasa huyu binti husema hadi namwomba apumzike.

Ijumaa, 27 Machi

Ukaguzi. Bwana Milimita kavipima viatu vya Dada ndani na nje. Kaingiza mkono ndani ya kile cha kushoto, kafumba macho, kapapasa muda mrefu. Akasema nimefaulu. Akasema pia visigino vingeweza kupendeza zaidi. Nikamwambia Dada hatembei akitazama nyuma. Basi akacheka yule mtu, na darasa zima likageuka kutazama.

Lakini aliponirudishia akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yeye amepasisha viatu, miguu haijasema. Najua. Kalibu ni plasta, haitembei.

Jumapili, 5 Aprili

Kimya kanisindikiza uwanja wa ndege. Viatu nimevipakata, sikuvitia mzigoni. Tumelia kidogo, tukacheka kidogo, akaniambia Mama usimpe mtu yeyote kitu hadi ufike.

Jumatano, 8 Aprili

Niko kwa Dada. Amekonda, sauti ndiyo ile ile. Mguu wa kushoto niliutazama kwa kificho, akaona, akauweka juu ya kigoda akasema tazama vizuri umalize.

Viatu vya namna hii havivaliwi siku nzima mara moja. Mwenye mguu hawezi kukuambia kinambana wapi, kwa hiyo anavaa kwa muda mfupi, anavua, na fundi anatafuta kwa macho palipokuwa pekundu na kwa mgongo wa mkono palipopata joto. Penye joto ndipo kidonda kitakapoanzia.

Dada kavaa soksi, kavaa viatu, kasimama. Kaenda hadi getini, kamwita jirani aje aone, kajibu maswali ya jirani mwingine kwa kujidai, karudi. Baba Watoto kasimama kizingitini, kakunja mikono kama siku ya kumwaga zege. Nikamkalisha, nikavua. Wa kulia sawa. Wa kushoto, kwenye ncha ya mshono, pana wekundu mdogo, na nilipoweka mkono pana joto.

Dada alikuwa akinitazama usoni, si mguuni.

Nikatia mkono ndani ya kiatu, nikapapasa, nikaupata: ukingo wa sponji, mwembamba kama ukucha. Milimita moja, pengine haifiki. Nikaomba kisu. Nikakwangua, nikapapasa, nikakwangua, nikapiga msasa hadi kidole changu kikapita pale bila kujua kimepita. Tukangoja mguu upoe. Nikamvalisha tena mwenyewe, nikafunga kamba. Akaenda getini mara ya pili, safari hii hakuita mtu, akarudi akaketi.

Nikavua kiatu, nikavua soksi. Dada akainama karibu yangu.

"Kinanibana?" akaniuliza.

Nikaweka mgongo wa mkono pale kwenye mshono, nikauacha ukae. Nikausogeza, pembeni, chini, kisiginoni, nikaurudisha kwenye mshono. Palikuwa baridi pote.

"Hakikubani," nikamwambia.